Uvimbe wa mishipa ya damu kwenye ini: kwa nini jina lake sahihi huchelewa

Tuanze na karatasi ya altrasaundi. Ina mistari michache tu: ini lina ukubwa wa kawaida, kuna vivimbe vingi pande zote mbili, kikubwa kina sentimita 4. Mstari wa mwisho ndio ndugu wa mgonjwa wanaousoma mara kumi: huenda ni saratani iliyosambaa kwenye ini, itafutwe ilikoanzia.

Mgonjwa ni mama wa miaka 41. Alikwenda hospitali kwa maumivu ya upande wa kulia, chini ya mbavu, yanayokuja na kuondoka. Anakula, anafanya kazi zake, hajakonda. Msako unaanza. Matiti yanapimwa, shingo ya kizazi inapimwa, kamera inapitishwa mdomoni hadi tumboni, nyingine inapitishwa njia ya haja kubwa. Kote hakuna kitu. Alama za saratani kwenye damu ziko sawa. Mwishowe kinachukuliwa kinyama cha ini, na jibu linarudi: adenokasinoma, yaani saratani ya seli za tezi, chanzo hakijulikani. Anaanzishiwa dripu za dawa za saratani na familia inaambiwa ijiandae. Miaka mitatu inapita. Mama bado anakwenda sokoni mwenyewe, na hakuna anayeweza kueleza kwa nini.

Mama huyu ni wa mfano, lakini njia aliyopita ni ya kweli. Ndiyo njia wanayopita wengi wenye ugonjwa uitwao hemanjioendothelioma ya epithelioidi, kwa kifupi EHE, uvimbe wa mishipa ya damu unaokadiriwa kumpata mtu mmoja hivi katika kila milioni. Wengi wao huanza kwa kuitwa jina lisilo lao. Na linalonisumbua mimi ni kwamba kosa hilo mara nyingi halitokani na uzembe. Kila kipimo kilijibu vizuri swali kilichoulizwa. Ila hakuna aliyeuliza kuhusu mishipa ya damu.

Kiungo kilichojaa damu

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo hupita humo. Tena huipata kwa milango miwili. Karibu robo tatu huingia kwa vena ya lango, ikitoka kwenye utumbo na bandama na virutubisho vya chakula. Iliyobaki huingia kwa ateri ya ini, ikiwa imebeba oksijeni nyingi. Damu hizo mbili hukutana ndani ya vijia vyembamba vilivyopita kila mahali katikati ya seli za ini, na kuta za vijia hivyo zimetandikwa seli bapa za endothelia, jamaa za zile zinazotandika ndani ya kila mshipa mwilini.

Uvimbe unaoanzia kwenye seli hizo za endothelia ndio uvimbe wa mishipa ya damu. Jamii yake ina ndugu wasiofanana kabisa kwa tabia. Mmoja hana madhara na watu huishi nao hadi uzeeni. Mwingine huua ndani ya miezi. Wa tatu, EHE, yuko katikati na hatabiriki: kuna aliyekaa nao miaka mingi bila tiba yoyote, na kuna aliyeondoka ndani ya mwaka. Kwenye picha, wote watatu wanaweza kuazimana sura.

Asiye na madhara ni hemanjioma. Huu ndio uvimbe wa kawaida kuliko vyote visivyo vya saratani kwenye ini, na huonekana zaidi kwa wanawake. Mara nyingi hugunduliwa kwa bahati, mtu akiwa amekwenda kupimwa mawe ya nyongo au ujauzito. Kwenye altrasaundi huonekana kama doa jeupe lenye mipaka safi. Kwenye siti skani mgonjwa hudungwa dawa ya kung'arisha mishipa, kisha picha hupigwa mara kadhaa kwa kufuata dawa inavyosafiri. Katika hemanjioma dawa hutokea kwanza pembeni, vidoa vidoa kama madimbwi baada ya mvua, na kung'aa kwake hulingana na kung'aa kwa mshipa mkuu wa damu. Kisha, dakika baada ya dakika, madimbwi yanapanuka kuelekea katikati mpaka uvimbe wote unajaa. Kwenye MRI huwaka kama taa. Daktari wa radiolojia akiiona sura hiyo kamili, anaweza kuandika jina bila sindano yoyote, na mgonjwa akarudi nyumbani bila dawa.

Lakini hemanjioma ndogo hujaa dawa mara moja, kwa sekunde, na hapo hufanana na saratani ya seli za ini. Kubwa sana ina kovu katikati na haijai kamwe. Na mtu mwenye mafuta mengi kwenye ini, jambo ambalo sasa ni la kawaida mijini kwetu, ini lake lote huwa jeupe kwenye altrasaundi, hivyo hemanjioma ileile iliyopaswa kuonekana nyeupe huonekana nyeusi. Uvimbe haukubadilika. Kilichobadilika ni ini linalouzunguka.

EHE kwenye picha

EHE hupenda pembezoni mwa ini, karibu na utando wa nje. Huanza kama vinundu vilivyotawanyika, kisha vinundu hukua na kushikana. Katika uchambuzi wa wagonjwa 402 uliochapishwa mwaka 2006, asilimia 87 walikuwa na vinundu zaidi ya kimoja, na zaidi ya theluthi moja walikuwa tayari na ugonjwa nje ya ini, hasa kwenye mapafu, tezi za limfu, utando wa tumbo na mifupa. Robo yao hawakuwa na dalili yoyote. Sasa jiweke mahali pa daktari anayetazama vinundu vingi kwenye ini na vingine kwenye mapafu. Atawaza nini kwanza? Saratani iliyosambaa. Na mara nyingi sana angekuwa sahihi, kwa sababu saratani iliyosambaa kutoka kwingine ni ya kawaida mno kuliko EHE.

Kuna alama mbili zinazopaswa kumzuia kidogo. Ya kwanza iko kwenye utando wa ini. Uvimbe unaokua karibu na ukingo kwa kawaida husukuma utando nje, ukatokeza kama ngumi chini ya shuka. EHE hufanya kinyume: huuvuta ndani. Ukingo wa ini hubonyea, kama ngozi ya embe lililoanza kunyauka. Sababu ni kwamba uvimbe huu hutengeneza kovu jingi ndani yake, na kovu hukunjamana. Hata hivyo saratani ya mirija ya nyongo huweza kufanya hivyohivyo, na saratani iliyosambaa ambayo imekwisha kutibiwa pia, kwa hiyo alama hii pekee haitoshi kutoa hukumu.

Ya pili wataalamu wameipa jina la pipi ya kijiti. Vena ya ini au tawi la vena ya lango huja moja kwa moja kuelekea kwenye kinundu, halafu linakatika ghafla ukingoni mwake. Kinundu ni pipi, mshipa ni kijiti. Hutokea kwa sababu seli za EHE hutambaa ndani ya mishipa na kuiziba kutoka ndani. Aliyewahi kuionyeshwa huitambua haraka. Asiyewahi huipita mara mia bila kuiona, maana macho huona kile yalichofundishwa kukitafuta.

Kinyama, na kinachoonekana chini ya hadubini

Picha zikishindwa, watu husema kinyama ndicho kitatoa neno la mwisho. Kwa uvimbe huu hata kinyama kina mitego yake.

Mtego wa kwanza ni mahali sindano inapotua. Katikati ya kinundu cha EHE mara nyingi kuna kovu tu, na seli hai za uvimbe ziko pembeni. Sindano ikilenga katikati, kama mkono unavyotaka kulenga, hutoka na uzi wa kovu wenye seli chache zilizotawanyika. Daktari wa patholojia hupokea kipande chembamba chenye urefu wa sentimita moja au mbili na kuandika: kovu, hakuna saratani iliyoonekana. Jibu hilo ni kweli kwa kipande kile, na si kweli kwa mgonjwa.

Mtego wa pili ndio ninaotaka tuutazame kwa karibu. Weka slaidi chini ya hadubini. Katikati ya kovu la rangi ya waridi unaona seli nono, moja moja au katika mistari mifupi. Ndani ya baadhi yake kuna tundu la mviringo, kama kipovu, na kiini cha seli kimesukumwa ukutani. Kila mwanafunzi wa patholojia anafundishwa sura hiyo kwa jina la seli ya pete ya muhuri, na anafundishwa kwamba pete hiyo hutoka kwenye saratani ya tumbo au ya tezi nyingine inayotoa ute. Jibu linakuja lenyewe: adenokasinoma.

Sasa ongeza ukuzaji, utazame ndani ya kile kipovu. Kwenye seli moja kati ya nyingi kuna kitu kidogo chekundu, duara. Ni chembe nyekundu ya damu. Kipovu hakina ute. Seli hii, kwa asili yake ya endothelia, imejaribu kutengeneza mshipa wa damu ikiwa peke yake, mshipa wenye upana wa seli moja, na chembe ya damu imeingia humo. Ugonjwa wote umesimuliwa ndani ya tundu hilo. Lakini lazima mtu atafute, na ili atafute lazima awe na shaka.

Wamarekani Sharon Weiss na Franz Enzinger ndio walioueleza ugonjwa huu mwaka 1982, kwenye nyama laini za mwili, na kichwa cha makala yao kilikwisha kuonya kwamba uvimbe huu wa mishipa mara nyingi hudhaniwa kuwa saratani ya kawaida. Miaka miwili baadaye, Kamal Ishak na wenzake wakachapisha wagonjwa 32 ambao uvimbe ulianzia kwenye ini. Mwaka 1999 likafuata kundi la wagonjwa 137, mdogo kuliko wote akiwa na miaka 12 na mkubwa 86. Kwa hiyo onyo lina zaidi ya miaka 40. Ila daktari anaweza kufanya kazi maisha yake yote bila kukutana na EHE hata mara moja, na onyo la ugonjwa usioonwa husahaulika.

Dawa ya kusahau huko ipo, na haina uchawi. Ni rangi za maabara zinazotumia kingamwili kutambua protini fulani. Protini ziitwazo CD31, CD34 na ERG hupatikana kwenye seli za endothelia. Kipande kikipakwa rangi hizo na seli zikakubali, basi tuko kwenye jamii ya mishipa ya damu. Lakini hapa tena swali ndilo linaloamua. Maabara haipaki rangi zote kwa kila kipande. Gharama hairuhusu, na kipande chenyewe ni kidogo, kila rangi inakula sehemu yake. Fomu ikiandikwa "saratani iliyosambaa, chanzo?", patholojia itaanza na rangi za kutafuta chanzo: ya utumbo, ya titi, ya mapafu. Moja ya rangi hizo ni ya keratini, protini inayotambulisha saratani za kawaida, na baadhi ya EHE huikubali. Hapo kosa linapata muhuri wa pili. Kwa maoni yangu, maneno yenye thamani kuliko mashine yoyote katika safari hii ni manne kwenye fomu ya kuomba kipimo: "je, ni ya mishipa?"

Mwaka 2011 ukaja ushahidi wa ndani kabisa. Katika karibu tisa kati ya kumi ya EHE, kipande cha kromosomu namba 1 na kipande cha kromosomu namba 3 vimebadilishana mahali, na jeni mbili zisizohusiana, WWTR1 na CAMTA1, zimeunganishwa kuwa moja. Kundi dogo lina muungano mwingine, wa YAP1 na TFE3. Muungano huu unaweza kutafutwa kwa kipimo cha jeni, na siku hizi ipo pia rangi ya kingamwili inayoonyesha protini ya CAMTA1 ikiwa imejaa ndani ya kiini cha seli. Vinundu kadhaa vya mgonjwa mmoja vilipochunguzwa, jeni zilikuwa zimekatika mahali palepale katika kila kinundu. Maana yake vyote vimetoka kwa seli mama moja iliyosambaa, wala havikuzuka kila kimoja kivyake.

Ndugu mkali

Anjiosakoma ni saratani kamili ya seli za mishipa, nayo ni adimu pia: haifiki asilimia 2 ya saratani zinazoanzia kwenye ini. Hukua kwa kasi, hupasuka na kuvujia damu tumboni, na wengi hawafikishi mwaka. Ugumu wake ni wa aina nyingine. Kwanza, dawa ya siti skani inaweza kuujaza taratibu kutoka pembeni, kama hemanjioma, na mgonjwa akarudishwa nyumbani akiwa na moyo mweupe. Kinachotofautisha ni madimbwi yasiyo na mpangilio, damu iliyovujia ndani, vinundu kwenye bandama, na mabadiliko ndani ya wiki chache. Hemanjioma haibadiliki kwa wiki. Pili, uvimbe umejaa damu na mgonjwa mara nyingi ameishiwa chembe sahani zinazogandisha damu, hivyo sindano ya kuchukua kinyama inaweza kuanzisha uvujaji usiozuilika. Ndiyo maana baadhi ya hospitali hupitisha sindano kwenye mshipa wa shingo, wakashuka nayo hadi ndani ya ini, ili damu ikitoka irudi kwenye mshipa badala ya kumwagika tumboni.

Anjiosakoma imetuachia pia somo kuhusu kumuuliza mgonjwa kazi yake. Katika kiwanda cha B.F. Goodrich mjini Louisville, Kentucky, wafanyakazi walikuwa wakiingia ndani ya matangi kukwangua mabaki ya plastiki ya PVC. Daktari John Creech, aliyekuwa akiwahudumia, alitambua kwamba watatu wao wamekufa kwa anjiosakoma ya ini. Kesi moja ya ugonjwa huu ingeweza kuwa bahati mbaya. Tatu kutoka kiwanda kimoja haziwezi. Taarifa ilitolewa Januari 1974, na haikuchukua muda kabla Marekani haijashusha kiwango kinachoruhusiwa cha gesi ya vainili kloridi kazini kutoka sehemu 500 kwa milioni hadi sehemu 1. Nieleweke: hatari ilikuwa kwenye gesi kiwandani, na bomba la plastiki lililofungwa nyumbani kwako ni jambo jingine.

Kisa cha pili kinauma zaidi kwa sababu kilitoka mikononi mwa madaktari. Kuanzia miaka ya 1930 hadi 1950 hospitali nyingi duniani zilitumia Thorotrast, dawa ya kung'arisha mishipa yenye madini ya thori, ambayo hutoa mionzi. Picha zilitoka safi sana. Lakini thori haitoki mwilini. Ilibaki kwenye ini na bandama ikitoa mionzi kwa maisha yote ya mtu, na anjiosakoma zikaanza kutokea miaka 20, 30, hata zaidi baadaye. Aseniki nayo imo kwenye orodha ya visababishi. Hata hivyo wagonjwa wengi wa leo hawana historia yoyote ya namna hii, hivyo kukosa kisababishi hakuondoi shaka.

Kwa watoto wachanga mambo ni tofauti tena. Hemanjioma ya ini ya utotoni inaweza kujitokeza kwa sura ya moyo kushindwa kazi, kwa sababu damu nyingi mno inapita kwenye uvimbe, au kwa upungufu wa homoni za tezi ya shingo, kwa sababu uvimbe wenyewe unaziharibu homoni hizo. Daktari anatibu moyo au tezi, na chanzo kiko kwenye ini. Bahati nzuri, tangu madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walipotangaza mwaka 2008 kwamba propranololi, dawa ya kawaida ya moyo, hunyausha hemanjioma za watoto, wengi wa watoto hawa wana tiba rahisi.

Jina likikosewa, tiba inakosewa

Mtu anaweza kuuliza: kama yote ni uvimbe, jina lina maana gani? Tazama upandikizaji wa ini. Mtu mwenye saratani ya kawaida iliyosambaa kwenye ini na mapafu kwa desturi hapandikizwi ini jipya. Mwenye anjiosakoma hapandikizwi kabisa: katika kumbukumbu za Ulaya za wagonjwa 22 waliopandikizwa, hakuna aliyevuka miezi 23. Lakini mwenye EHE anaweza kupandikizwa hata kama ana vinundu vichache nje ya ini, na matokeo ni mazuri. Kati ya wagonjwa 149 wa EHE waliochambuliwa kutoka kumbukumbu hizohizo za Ulaya mwaka 2017, karibu wanane kati ya kumi walikuwa hai miaka mitano baada ya kupandikizwa. Picha zinazokaribiana, hukumu mbili tofauti.

Uchambuzi huo ulitoa jambo moja nisilolitarajia nilipolisoma. Waliopandikizwa haraka, ndani ya siku 120 tangu waingie kwenye orodha, walifanya vibaya kuliko waliosubiri zaidi. Kusubiri hakutibu. Ila muda huo huonyesha tabia ya uvimbe: ule mkali hujitokeza wenyewe kabla mtu hajapewa ini la thamani. Katika ugonjwa huu, hata kalenda ni kipimo. Ndiyo maana yule mama wetu anayekwenda sokoni mwaka wa tatu alipaswa kumshtua mtu. Adenokasinoma iliyojaza ini zima mara chache sana humwachia mtu miaka mitatu ya afya. Mgonjwa anayeishi kupita utabiri hatakiwi kuachwa kwenye "tunamshukuru Mungu" peke yake. Tumshukuru, na slaidi zake zirudiwe kusomwa.

Kwetu Afrika Mashariki

Huku kwetu kuna tabaka jingine la ugumu. Ini lenye uvimbe Tanzania, Kenya au Uganda lina washukiwa wengi wanaotangulia. Homa ya ini B na sumukuvu ya mahindi na karanga zimeifanya saratani ya seli za ini kuwa jambo la kila siku wodini. Kuna jipu la amiba. Kuna kifua kikuu cha ini. Turkana kuna uvimbe wa maji wa hidatidi unaotokana na minyoo ya mbwa, ambao kuuchoma sindano bila maandalizi kunaweza kumletea mtu mzio wa kuua. Daktari anayeanza na hao anafanya kazi yake vizuri.

Tatizo huja kanuni ya ugonjwa mmoja inapohamishiwa kwa mwingine. Saratani ya seli za ini ni kati ya saratani chache ambazo huruhusiwa kutajwa kwa picha peke yake, bila kinyama. Lakini ruhusa hiyo ni ya mtu ambaye ini lake limesinyaa kwa makovu au ana homa ya ini B ya muda mrefu. Mama wa miaka 41 mwenye ini zuri, asiye na virusi, hayumo ndani ya ruhusa hiyo. Kwake kinyama hakiepukiki.

Tena kwetu jamii ya mishipa ina wanachama ambao madaktari wa Ulaya huwaona mara chache. Saratani ya Kaposi, ambayo husababishwa na virusi vya herpesi namba 8, ni uvimbe wa mishipa, na kwa mtu mwenye VVU ambaye kinga imeshuka inaweza kuingia hadi kwenye ini. Ipo rangi ya maabara inayoonyesha virusi hivyo moja kwa moja ndani ya seli. Na kuna peliosisi, vidimbwi vya damu ndani ya ini, ambavyo kwa wenye VVU vinaweza kuletwa na bakteria aina ya Bartonela. Hii nayo huonekana kama uvimbe wa mishipa, lakini huondoka kwa antibayotiki. Hebu fikiria mtu anaandaliwa kwa dawa za saratani ilhali alichohitaji ni doksisaikilini.

Madaktari wa patholojia tulionao ni wachache, na rangi za kingamwili hazipatikani kila hospitali. CAMTA1 ndiyo kabisa. Lakini kipande cha kinyama hakiozi. Maabara hukizika ndani ya kibonge cha nta, na kibonge hicho huweza kukatwa upya na kupakwa rangi mpya miaka mingi baadaye, au kusafirishwa kwenda maabara nyingine bila barafu, ndani ya bahasha. Wagonjwa wengi wanaokwenda India kwa matibabu ya ini huondoka na CD ya siti skani na ripoti iliyopigwa mhuri, wakaacha kibonge kabatini hospitalini. Huko wanachomwa sindano tena, kwa gharama na hatari ileile. Ukienda kuomba faili la mgonjwa wako, taja kibonge na slaidi kwa majina yake, na uhakikishe namba iliyoandikwa juu ya kibonge ni ileile iliyo kwenye ripoti.